Kioo Kilichopanguswa kwa Mfupa

Simu ilikuwa na mafuta tena. Jana kabla ya kulala Idil aliifuta kwa spiriti na kitambaa safi, akaiweka juu ya kabati kioo kikiwa king'aavu. Asubuhi hii aliikuta imepakaa mafuta mazito yaliyoganda, pembe hadi pembe, na katikati ya mafuta hayo kulikuwa na michirizi mipana iliyopinda, kama sahani iliyolambwa na mbwa. Aliisogeza puani, akaiondoa haraka. Ilinuka mafuta ya mkia wa kondoo yaliyosahauliwa mkebeni mpaka yakaota ukungu.

"Hooyo, umeshika simu ya kazi ukila nyama ya nyirinyiri?"

Mamake, Shamis, alikuwa jikoni akimwaga uji wa anjera kwenye kikaango. Kama kina mama wote wa Garissa, alimwita binti yake kwa neno lilelile aliloitwa yeye. "Niishike ya nini, hooyo? Hizo simu zako zinanisikia mimi?"

Alisema kweli. Shamis aliuza maziwa ya ngamia tangu Idil akiwa mgongoni, na kamba, moshi na vibuyu vilikuwa vimevifanya vidole vyake vigumu kama soli ya kiatu. Kila alipobonyeza kioo cha simu, hata mara mbili, kioo kilimtazama tu. Kaka yake wa pekee, Mursal, alifuga mifugo huko Eldas, na kila Shamis alipomkumbuka ilibidi amngoje binti yake arudi kazini ampigie. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Idil alikuwa na kibanda cha simu Suuq Mugdi, soko la Garissa ambalo vichochoro vyake vimefunikwa mpaka mchana unageuka jioni. Lakini jina lake halikutokana na kibanda, lilitokana na video. Wapimaji wa Nairobi hupima simu wakiwa wamekalia viti vya kuzunguka, nyuma yao taa za rangi. Idil alizipima jinsi watu wake wanavyozitumia. Aliziacha juani adhuhuri. Alizipeleka soko la mifugo zikale vumbi la ngamia. Kisha, na hiki ndicho kipimo kilichopendwa, alizitumia katikati ya chakula, vidole vikichuruzika samli, maana ni nani hapa asiyepokea simu akila? Simu aliyoisifu iligombaniwa, na aliyoiponda ilizeeka rafuni.

Simu hii ya mafuta ilikuwa imeingia kupitia Diff, mpakani, ndani ya robota la mitumba, haina hata jina la maana mgongoni. Ilianguka kila mtihani. Ukigusa leo, inajibu kesho. Betri ilikata roho kabla ya alasiri, na kamera ilimfanya ngamia aonekane kichuguu. Idil aliiponda wee mpaka akachoka, na mwishoni, ili watazamaji wapate cha kuchekea, akaokota mfupa wa paja la mbuzi kwenye sinia la chakula cha mchana. Nyama yake ilikuwa imeliwa kwa bismillahi kama riziki yoyote ya Mwislamu. Akaushika kama kalamu akausugulia kioo.

"Wasee, watu wa Nairobi wanakwaruza na kisu, sisi huku ni mfupa!" alicheka kwa kamera. "Oneni! Hata alama hakuna!" Akaupitisha juu na chini, mpaka uboho ukapakaa kote.

Sasa, kila mtoto aliyekalia mkeka wa duksi akisomeshwa Kurani amefundishwa kwamba mfupa haupangusiwi kitu. Ni chakula cha ndugu zetu tusiowaona, majini. Idil alifundishwa hilo kabla hajang'oka meno ya utoto, na fimbo juu. Lakini mwenye kutafuta kusifiwa husahau hata jina la babake, na yeye siku ile alisahau.

Tangu hapo ile simu ikawa nyingine. Idil aliiwasha kesho yake akitaka kuirudisha kwenye boksi, na kioo kikafunguka kidole chake kikiwa bado hewani. Aligusa programu, ikafunguka. Aligusa nyingine, ikawa imeshafunguka. Akacheza video mpaka magharibi na betri haikushuka hata kidogo. Kamera ilimpiga picha nzi ukutani, ukaona mpaka manyoya ya miguu yake. Mtu mwenye akili angejiuliza. Idil alirekodi video ya pili.

"Nimekosea, wasee, na mimi nikikosea nakubali," alisema. "Hii simu ni moto! Au ni ule mfupa? Haya, jaribuni na nyinyi!"

Alikuwa anatania. Watu waliipenda kupita zote, wakaitumiana kutoka Garissa mpaka Dadaab, mpaka Mandera. Na hayo mafuta ya asubuhi aliyafuta akaona ni joto la mji huu, ambalo huyeyusha kila kitu.

Siku hiyohiyo ya anjera, Shamis aliiondoa simu mezani ili aweke sahani, na kidole chake kikagusa kioo kwa bahati tu. Kioo kikawaka. Akagusa tena, polepole, kama anayemgusa mtoto mchanga. Picha ya Mursal ikatokea, simu ikaita, na kaka mtu akapokea.

"Mursal! Ni mimi, mimi mwenyewe nimekupiga!" Shamis alipiga kelele mpaka majirani wakasikia. Alicheka huku machozi yakimtiririka. Idil, aliyekuwa amesimama mlangoni, alihisi moyo ukimjaa, akajua hapo hapo kwamba simu hiyo haiuzwi tena. Alimpa mamake. Na kama ungemwona yule mama siku zile, akitembea uani na simu mkononi akimwonyesha kaka yake mbuzi mmoja mmoja, ungempa na wewe.

Harufu ndiyo iliyoharibu furaha. Ilitoka kwenye simu ikahamia kwenye mto wa Shamis, kisha kwenye shash aliyojifunga kichwani, kisha kwenye mkono wake wa kulia. Nzi walimfuata. Idil, ambaye hakuweza kunywa kikombe chenye alama ya mdomo wa mtu, alianza kula akiwa amempa mamake mgongo, na aibu ya kufanya hivyo ikamwuma kuliko njaa.

"Nawa mikono, hooyo."

"Nimenawa. Tazama ilivyo mizuri." Shamis alimwonyesha vidole. Sugu zote zilikuwa zimetoka. Ngozi ilikuwa nyeupe, yenye unyevu, imekunjamana kama ngozi ya kuku aliyetoka kwenye maji ya moto. "Hata yale maumivu ya viungo yamekwisha. Zamani sikuweza kukunja kidole asubuhi. Sasa vinakunjika vyenyewe."

Akavikunja, na Idil akaona kidole cha shahada kikijikunja mahali pasipo na kiungo.

Garissa, baada ya adhuhuri, maduka hufungwa na watu hulala, kwa sababu jua la saa hizo si la kushindana nalo. Mchana huo Idil alijilaza kwenye mkeka wake upande mmoja wa chumba, mamake upande wa pili, pazia la mlango likiwa limetulia bila upepo. Nje hakukuwa na sauti ya mtu wala mnyama. Usingizi ulianza kumchukua, na ndipo aliposikia mtu akifyonza.

Ilikuwa sauti ndogo, ya adabu, kama ya mzee anayefyonza uboho kwenye mfupa asionekane mlafi; ikakatika, ikafuatwa na mguno wa kuridhika, kisha ikaanza tena, yenye mate zaidi, na Idil aliyedhani ni jirani alikuja kugundua kwamba inatoka humu ndani, inatoka kwenye mkeka wa mamake, akageuza kichwa taratibu bila kuthubutu kuinuka, akaona mama amelala chali mdomo wazi, na mkono wake wa kulia umelazwa juu ya simu, na kioo kile hakikuwa kigumu tena bali kimevimba kama shavu lililojaa chakula, kinatetemeka, kinachuruzika mate mazito ya manjano mpaka kwenye mkeka, na kidole cha mamake kilikuwa kimezama ndani yake hadi kwenye kifundo, kikivutwa ndani na kusukumwa nje, ndani na nje, kikitoka kila mara chembamba na chenye kung'aa kuliko kilivyoingia.

Idil alirukia ule mkono akauvuta. Kidole kilitoka kwa mlio kama wa kizibo. Alipokishika kile kidole mkononi mwake hakukuwa na kitu ndani yake. Kilikuwa utumbo mtupu, laini, vuguvugu, kikajikunja juu ya kiganja chake kikalala, na Idil akatapika palepale kwenye mkeka.

"Una nini, hooyo?" Shamis alifungua macho, ametulia, anatabasamu. "Nilikuwa naota Mursal ananishika mkono."

Kutoka kwenye simu sauti ilisema, sauti ya mtu ambaye mdomo wake umejaa: "Ongeza."

Idil aliikamata simu kwa upindo wa dira, gauni lake pana, akatoka mbio mpaka choo cha shimo nyuma ya nyumba, akaitumbukiza. Aliisikia ikitua. Alikoga, akajisugua mpaka ngozi ikamwasha, akafua mkeka, akakaa kando ya mamake aliyelia alasiri nzima kama aliyefiwa. Magharibi ilipoadhiniwa, alikwenda kumtandikia kitanda. Simu ilikuwa juu ya mto. Haikuwa na tone la uchafu wa chooni. Kila kitu kilichokuwa juu yake kilikuwa kimelambwa, kikalambwa vizuri, na juu ya kioo kulikuwa na mafuta mapya.

Alfajiri alimfuata Maalim Keinan. Huyu alikuwa mwalimu wa duksi mwenye kaduka ka asali na ubani, mtu mfupi, mkali, asiyependa hadithi ndefu. Alipofika tu mlangoni alisimama, akavuta hewa, akafunika pua kwa ncha ya kilemba.

"Hapa kuna karamu," alisema. "Nani alimkaribisha?"

Idil hakuelewa. Alimweleza yote kwa kunong'ona, maana mamake alikuwa ameikumbatia simu ndani na alikataa hata kuangalia watu. Alipofika kwenye mfupa, Maalim aliinua mkono. "Nionyeshe." Idil akamwonyesha video kwenye simu yake mwenyewe. Maalim aliitazama mpaka mwisho, na ukali wote ukamtoka usoni.

"Walahi mtoto wewe ni mjinga," alisema polepole. "Nyama mliisomea bismillahi. Mfupa wake, kwao, hurudi umejaa nyama tele. Wewe ukauchukua ukampakulia kwenye kioo, tena unacheka. Hii si simu tena, ni sinia lake. Na mamako anatia kidole kwenye sinia la mtu anayekula."

"Basi msomee atoke, Maalim. Nakuomba."

"Nimfukuze mgeni uliyemwita mwenyewe, na tonge liko mdomoni? Wewe ungefukuzwa hivyo si ungeng'ata?" Aliinama karibu. "Sikia. Ameanza na vidole. Kutoka hapo ni kiganja, kisha mkono, kisha bega. Akifika uti wa mgongo utamkunja mamako kama mkeka umpeleke makaburini. Mgeni haondolewi kwa fimbo. Anamalizishwa chakula. Kwetu mgeni akishashiba anafanyiwa nini?"

Idil alijibu, "Ananawishwa mikono."

"Halafu?"

"Anafukiziwa ubani wa uunsi."

"Na baada ya uunsi?"

"Hakuna anayekaa tena. Anaaga."

"Nami nitasoma pembeni, asizidishe. Lakini atakayemnawisha ni wewe mwenye nyumba." Maalim alimnyooshea kidole. "Na usimwonyeshe kinyaa. Usizibe pua, usigeuze uso, usiteme mate. Ukimwonyesha mgeni kwamba anakuchukiza umemtukana, na aliyetukanwa haondoki. Anadai haki yake."

Walimketisha Shamis mkekani. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani kama kitambaa kilicholowa. Alilia, akasema wanamnyang'anya ndugu yake, na Maalim akamshika mabega akisoma kwa sauti ya chini. Idil akaweka beseni sakafuni, akaweka simu juu ya beseni kwenye kipande cha ubao, akachukua birika la maji ya vuguvugu.

"Shibe njema, mgeni," alisema, akitabasamu. "Karibu unawe."

Akamimina. Maji yalianguka kwenye kioo lakini hayakutiririka yanavyotiririka maji. Yaligawanyika hewani, yakazunguka kitu, na katika maji Idil aliviona vidole, virefu, vingi kuliko vya mkono mmoja, vikijisugua polepole kama vya mtu asiye na haraka. Harufu ikapanda, harufu ya tumbo la ngamia lililopasuka juani, ikamwingia puani, ikamjaa mdomoni mpaka akaionja, na yaliyoangukia beseni hayakuwa maji bali utando wa mafuta wenye nywele, wenye ukucha wa mamake ukiwa bado na hina, wenye vijipande vyeupe vilivyotafunwa ambavyo alijua ni nini, na kutoka ndani ya kioo ukatoka ulimi wa kijivu, mpana, wenye chunusi, ukalamba ukingo wa birika, ukalamba dole gumba lake alilolishikia, mara mbili, taratibu, ukimwonja, na kila kiungo mwilini mwake kilitaka kutupa kila kitu na kukimbia, na matapishi yakamfika kooni, yakamjaa mashavuni, machungu, ya moto.

Idil aliyameza. Akaendelea kutabasamu. Akaendelea kumimina mpaka vile vidole vikajikung'uta na maji yakaanza kutiririka kama maji.

Kisha akaleta chetezo, makaa yamewaka, uunsi unafuka. Akakizungusha juu ya kioo kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima. "Mgeni wetu, umetuheshimu," alisema. "Nenda salama."

Maalim aliacha kusoma. Halafu kikatoka cheuo, kirefu, cha chini, kilichotikisa vikombe kabatini na kuwapulizia usoni pumzi ya moto ya uozo. Pazia la mlango likavimba kuelekea nje, likakaa hivyo muda, kana kwamba mtu mnene anapita kwa shida, likaanguka. Uani mbuzi walikata kamba wakatawanyika barabarani. Kioo cha simu kilipasuka katikati, kikawa kioo tu.

Maalim Keinan alitoka nje akatapika ukutani bila aibu yoyote. Aliporudi aliukagua mkono wa Shamis, akaufunga kwa kitambaa cheupe.

"Dole gumba lina mfupa," alisema. "Hivi vingine, kilicholiwa hakirudi. Lakini mamako utakuwa naye, inshallah."

Shamis alilala mpaka kesho yake. Alipoamka macho yake yalikuwa ya mamake Idil tena, makali, yenye kuuliza. Alitazama kile kitambaa, akalia kidogo, kisha akafuta machozi kwa mkono wa kushoto. Idil alimlisha anjera kwa mkono wake, wakiwa wametazamana, na hakuhisi kinyaa hata chembe. Akafuta zile video mbili mbele ya mamake. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mfupa alipumua mpaka chini ya mbavu.

"Nipigie Mursal," Shamis aliomba. "Atakuwa na wasiwasi. Usimwambie ya mkono, nitamwambia mwenyewe."

Idil akapiga kwa simu yake. Huko Eldas ilipokelewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Uso wa Mursal ukajaa kwenye kioo, unacheka.

"Abti!" aliita, kama mjomba na mpwa wanavyoitana. "Allah akubariki kwa ile video! Tulichinja mbuzi, nikachukua mfupa nikafanya ulivyosema. Hii simu yangu nilikuwa nataka kuitupa. Sasa inanisikia hata sijaigusa!"

"Abti, iweke chini." Idil aliruka wima. "Iweke chini sasa hivi. Usiiguse tena."

"Kwa nini? Mimi vidole vimeacha kuuma, walahi, hata baridi ya asubuhi sisikii." Alimpungia dada yake mkono, na vidole vyake vinne vikaanguka nyuma, kimoja juu ya kingine, vikalalia mgongo wa kiganja. Hakuviona. Alikuwa akiangalia pembeni, akicheka na watu. "Ngojeni, ngojeni, kila mtu atapata zamu! Abti, watoto hawaniachi tangu jana. Wanasema inatekenya."

Nyuma yake walikuwa wamejipanga wote, wa Mursal na wa majirani, wakisukumana. Mwanamke mmoja kijana akapenya na kitoto kiunoni, kitoto kisichojua hata kukaa, akakishika kidole kidogo akikichezesha, akakinyoosha kuelekea simu.

"Haya, msalimie shangazi wa Garissa," alikiambia, na kidole kikakua, kikakua, mpaka kikajaza kioo chote cha Idil.